Kubuni kompleksi ya gadolini kwa ajili ya MRI: mwongozo kamili, kuanzia karatasini mpaka kwenye tyubu na baada ya hapo

Karibu kila anayeingia kwenye kazi hii swali lake la kwanza ni "itang'arisha picha kiasi gani?" na mimi nilianza hivyohivyo, nikapoteza karibu mwaka mzima. Swali linalotakiwa kutangulia ni lingine: metali ikishaingia kwenye mshipa wa mtu itabaki imeshikwa mpaka itoke kwenye mkojo, au itaachiwa njiani? Ukishalijibu hilo ndo unarudi kwenye mng'ao. Ukigeuza mpangilio utajikuta una molekuli nzuri sana kwenye grafu ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakubali uiingize mwilini.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayejua kemia ya kawaida ya maabara, anajua ligandi ni nini, ila hajawahi kubuni dawa ya kontrasti. Nitakaa zaidi kwenye gadolini maana ndiyo inayotumika hospitalini, Mn na Fe nitazigusa tu.

Kwanza elewa dawa inafanya nini

Tofauti na dawa ya eksirei, ambayo yenyewe ndo inazuia mionzi na kuonekana, hii ya MRI haionekani kabisa. Mashine inasikiliza protoni za maji. Protoni zikishasukumwa na mawimbi ya redio zinahitaji muda kurudi kwenye mstari wake, na muda huo ndo tunauita T1. Kwenye maji matupu T1 ni sekunde tatu hivi au zaidi. Ukiweka karibu yake kitu chenye sumaku kali ya elektroni, protoni zinarudi haraka, na kwenye picha ya T1 sehemu hiyo inang'aa.

Gadolini ikiwa ioni ya chaji tatu ina elektroni saba ambazo hazina wenzao, ndo nyingi kuliko ioni yoyote thabiti. Lakini wingi peke yake hautoshi. Disprosi na holmi zina nguvu ya sumaku kubwa zaidi ya gadolini, na bado hazifai kwa T1 kwa sababu elektroni zao zinabadilika haraka mno, protoni haipati nafasi ya kuzisikia. Za gadolini zinatulia kiasi. Ndo siri yake.

Kipimo cha ubora tunakiita rilaksiviti, kwa kifupi r1: kasi ya T1 (yaani 1/T1) inapanda kwa kiasi gani kwa kila milimola moja (milimoli moja kwenye lita) ya metali. Dawa nyingi ndogo za hospitalini ziko kwenye 4 hivi kwa milimola kwa sekunde. Maana yake ukiweka milimola moja, T1 ya maji inashuka kutoka sekunde tatu na kitu mpaka kama sekunde 0.23.

Ubaya wake sasa. Ioni ya gadolini ikiwa huru ina ukubwa unaokaribiana sana na kalsiamu, kwa hiyo inaziba njia za kalsiamu kwenye seli, na ikikutana na fosfati ya damu inaganda na kuwa mashapo. Dozi ya kawaida ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 anapewa milimoli 7, na ukipiga hesabu ya metali peke yake ni gramu 1.1. Fikiria gramu nzima ya kitu chenye sumu inapita kwenye damu na kinachomlinda mgonjwa ni ligandi yako tu, basi.

Hatua ya 1: amua unataka kuona nini

Usianze kuchora molekuli kabla ya hapa. Ukitaka dawa ya kawaida inayozunguka kwenye damu na nafasi za nje ya seli halafu inatolewa na figo, unahitaji kitu kidogo, kinachopenda maji, kisichong'ang'ania protini. Ukitaka ini, ongeza kipande chenye pete ya benzini inayopenda mafuta kidogo, kama walivyofanya kwenye gadoxetate, ambayo takriban nusu yake hutoka kupitia ini na nyongo na dozi yake ni milimoli 0.025 tu kwa kilo. Ukitaka mishipa ya damu, weka mkono unaokamata albumini, kama ilivyokuwa gadofosveset.

Wengi wanakwama kwenye ndoto ya kulenga kipokezi fulani cha saratani. Wazo zuri, ila MRI ni kiziwi. Ili ioneshe kitu inahitaji gadolini ya makumi ya maikromola pale mahali, na vipokezi vingi viko kwenye kiwango cha nanomola. Hata ukikamata kila kipokezi bado picha haitabadilika. Ndo maana waliofanikiwa kulenga walichagua vitu vilivyojaa kwa wingi, kama fibrini ya damu iliyoganda au kolajeni ya kovu. Kwa hiyo kabla hujanunua hata gramu moja ya kemikali, tafuta shabaha yako ipo kwa wingi gani kwenye tishu, zidisha na idadi ya gadolini utakazobeba kwenye kila molekuli, uone kama unafika. Ukikuta hufiki, badilisha shabaha.

Hatua ya 2: metali

Gadolini ndo chaguo la kawaida. Manganisi yenye chaji mbili ina elektroni tano pweke na mwili una njia zake za kuishughulikia, ila ligandi zake zinaachia kirahisi zaidi. Ilikuwepo dawa moja ya manganisi kwa ajili ya ini, mangafodipir, ambayo kwa kweli ilifanya kazi kwa kuachia metali yake, na ilikuja kuondolewa sokoni. Chuma chenye chaji tatu nacho kina tano na kinarudi sana kwenye mazungumzo siku hizi. Kama ni mara yako ya kwanza baki na gadolini, maana kila kipimo nitakachotaja huko chini kimetengenezwa kwa ajili yake na una data za kulinganisha nazo.

Hatua ya 3: kizimba, na hapa usiwe na haraka

Gadolini inapenda kushikwa sehemu tisa. Mpango wa kawaida ni ligandi inashika nane, moja inabaki wazi kwa ajili ya molekuli ya maji. Hiyo moja ndo mlango, maji yanaingia, yanaguswa na sumaku, yanatoka, yanaingia mengine.

Kuna familia mbili kubwa. Ya mnyororo, mfano DTPA, ina naitrojeni tatu na oksijeni tano za mikono ya asetati. Ya pete, mfano DOTA, ina naitrojeni nne zilizofungwa kwenye duara na mikono minne ya asetati. Gd-DTPA, ambayo ndo Magnevist, ilikuwa ya kwanza kuruhusiwa Marekani mwaka 1988. Kwenye vitabu utakuta namba ya uthabiti, log K: Gd-DTPA ni kama 22.5, Gd-DOTA ni kama 25, na Gd-DTPA-BMA, ambayo mikono miwili ya asidi imegeuzwa kuwa amidi, ni 16.9.

Wengi wakiona 22.5 wanapumua, wanasema hiyo ni namba kubwa mno, nani atafungua. Mtego. Log K inakwambia mambo yakiisha kutulia nani atashinda, haikwambii itachukua muda gani, na tena imepimwa kwenye hali ambayo ligandi haina mshindani. Kwenye damu kuna protoni, zinki, kalsiamu, fosfati, wote wanavuta. Ligandi ya mnyororo inafunguka kama zipu, mkono mmoja ukiachia unaofuata unaona njia. Ya pete haina pa kuanzia, inabidi mikono yote ijipange iachie kwa pamoja, na hilo ni gumu. Mimi naita tabia hiyo ukaidi, na ukaidi ndo unaookoa watu.

Angalia hii uone. Ukitia Gd-DOTA kwenye asidi ya pH 1 kwa nyuzi 25, nusu yake inachukua saa kama 338 kuvunjika, yaani wiki mbili. Za mnyororo kwenye hali hiyohiyo ni chini ya sekunde 5. Log K zao zilitofautiana kwa namba chache tu, ukaidi wao ukatofautiana kama mbingu na ardhi.

Na haya siyo mambo ya karatasini. Mwaka 1997 walianza kuonekana wagonjwa wa figo ambao ngozi zao zilikuwa zinakakamaa, viungo vinakataa kukunjika, na ugonjwa ukaja kuitwa NSF. Mwaka 2006 ndo ukaunganishwa na gadolini. Kilichotokea ni kwamba figo zao hazitoi, dawa inakaa mwilini siku nyingi badala ya saa chache, na za mnyororo zikapata muda wa kufunguka. Mwaka 2014 watafiti wa Japani wakaonesha kwamba hata kwa watu waliopewa dozi nyingi za aina hizo kuna sehemu za ubongo zinabaki ziking'aa kwenye picha bila dawa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikasimamisha dawa kadhaa za mnyororo. Ukiona mtu leo anabuni dawa mpya ya mnyororo muulize kwa upole ana sababu gani.

Ushauri wangu basi: anza na pete. DO3A ni pete ileile ya DOTA yenye mikono mitatu ya asetati na naitrojeni ya nne iko wazi uweke unachotaka. Huo mkono wa nne ndo uwanja wako wa kubuni. Hakikisha tu nao una oksijeni ya kushika metali, la sivyo utakuwa na sehemu saba badala ya nane na ukaidi unashuka.

Hatua ya 4: sasa ongeza mng'ao

Vitu vitatu unavyoweza kuvishika mkononi.

Idadi ya maji yaliyoshika metali. Kutoka moja kwenda mbili, mchango wa ndani unazidi karibu mara mbili. Shida ni kwamba kila nafasi unayowapa maji umeinyang'anya ligandi. Kwa muda mrefu watu waliamini huwezi kuwa na maji mawili na ukaidi pamoja, halafu ikaja gadopiclenol iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2022, ina maji mawili kwenye pete ngumu yenye piridini ndani yake, na kwa sababu r1 yake iko zaidi ya mara mbili ya zile za kawaida inatolewa kwa nusu dozi, milimoli 0.05 kwa kilo. Hapo nilivua kofia.

Zamu ya maji. Molekuli ya maji ikikaa mlangoni muda mrefu mno, inawazibia wenzake. Ikitoka haraka mno inakuwa haijaguswa vizuri. Muda unaofaa ni makumi machache ya nanosekunde hivi. Gd-DOTA iko kwenye nanosekunde 240 kwa nyuzi 25, siyo mbaya lakini inachelewa. Kila asetati unayoigeuza kuwa amidi inazidi kuchelewesha: Gd-DTPA-BMA yenye amidi mbili imefika nanosekunde zaidi ya 2000. Ukitaka kuharakisha, songamanisha mlango: weka fosfonati badala ya asetati moja, au refusha pete kwa kaboni moja, maji yanabanwa yanatoka upesi. Ila kurefusha pete kunakula uthabiti, kwa hiyo rudi ukasome tena hatua ya 3 kabla hujafurahi.

Kasi ya kuzunguka. Molekuli ndogo inajizungusha majini kwa makumi ya pikosekunde, haraka mno. Ukiipunguza mwendo r1 inapanda sana, ndo maana kuishikiza kwenye albumini kunafanya maajabu. Makosa mawili hapa yanafanywa na kila mtu. La kwanza, kuunganisha gadolini kwenye protini kubwa kwa kamba ndefu laini. Protini inazunguka taratibu, lakini gadolini kwenye ncha ya kamba inaendelea kucheza kivyake kana kwamba haijafungwa. Tumia kiungo kifupi na kigumu. La pili, kusahau nguvu ya sumaku ya mashine. Faida ya kuzunguka taratibu sana iko kwenye sumaku ndogo, karibu na megahezi 20 mpaka 60 (kama tesla 0.5 mpaka 1.4). Kwenye mashine ya tesla 3 faida hiyo imeporomoka, na pale molekuli ya ukubwa wa kati ndo inashinda. Kwa hiyo uliza mapema mashine itakayotumika ni ipi.

Hata maji yasiposhika metali kabisa, yale yanayopita jirani yanachangia kidogo, r1 ya 2 na kitu hivi. Ukipata r1 ya namna hiyo ujue mlango wako umezibwa.

Hatua ya 5: kupika

Anza na saiklini, ile pete tupu yenye naitrojeni nne. Weka bromoasetati ya tati-butili kama ekwivalenti tatu na ziada kidogo, sodiamu asetati, ndani ya dimethilasetamaidi, tia taratibu kwenye baridi halafu acha ifike joto la chumba ikoroge siku moja au zaidi. Mimina kwenye maji, pandisha pH kwa bikaboneti mpaka kama 9, kitu cheupe kinajitenga, ndo DO3A yenye mikono mitatu iliyofunikwa. Chuja, osha, safisha kwa kuganda upya. Baada ya hapo unaunganisha mkono wako wa nne ndani ya asetonitrili na kaboneti ya potasiamu, kisha unavua vifuniko vya tati-butili kwa TFA (asidi ya trifluoroasetiki). Hakikisha TFA imetoka yote. Inayobaki inaharibu uzito wako na inashusha pH bila wewe kujua.

Kuingiza metali ndo kunahitaji subira. Yeyusha ligandi kwenye maji safi kabisa, siyo ya bomba na siyo ya chupa iliyokaa wazi, weka pH kwenye 5.5 mpaka 6. Tia GdCl3 kidogo kidogo, na kila ukitia pH inashuka kwa sababu metali inasukuma protoni nje, kwa hiyo rudisha kwa hidroksaidi ya sodiamu iliyopunguzwa. Ukiacha pH ipande mno gadolini inageuka hidroksaidi inazama chini, ukiiacha ishuke mno ligandi inabaki na protoni zake inakataa kushika. Pasha nyuzi 50 mpaka 60 usiku kucha. Ligandi ya pete inaingiza metali polepole kwa sababu ileile inayoifanya isiachie, usiione tyubu imetulia saa mbili ukadhani imeisha.

Mimi huacha ligandi izidi kwa asilimia chache kuliko metali, halafu nasafisha kwa kromatografia. Ligandi iliyobaki unaitoa, gadolini huru iliyobaki inakuumbua. Tumia vijiko vya plastiki, maana kijiko cha chuma kinaweza kukuachia chuma na hicho nacho kinaingia kizimbani.

Kuthibitisha: NMR ya kawaida haitakusaidia, gadolini inafuta mistari yote. Tengeneza pacha wake wa lantani, itri au europi kwa NMR. Kwa gadolini yenyewe tumia masi spektrometa. Gadolini ya asili ni mchanganyiko wa isotopu kadhaa, kwa hiyo utaona kundi la vilele lenye sura yake ambayo ukishaizoea huwezi kuikosea. Gd-DOTA kwenye hali hasi inakaa karibu na 558.

Pacha wa europi ana kazi nyingine nzuri. Pima muda wa mwanga wake kwenye maji ya kawaida na kwenye maji mazito, geuza kuwa kasi kwa milisekunde, toa moja kwenye nyingine, punguza 0.25, zidisha 1.2. Jibu ndo idadi ya maji yaliyoshika metali. Rahisi na inategemeka, na sielewi kwa nini watu wanaruka.

Hatua ya 6: tafuta gadolini iliyojificha

Kipimo ni zailenoli oranji kwenye bafa ya asetati, pH 5.8. Bila gadolini huru inabaki njano, ikiwepo inageuka zambarau. Fanya mstari wa kulinganisha kwa kiasi kinachojulikana, usikadirie kwa macho.

Niwaambie kwa nini naing'ang'ania. Kompleksi yangu ya kwanza ilinipa r1 ya 6.5 kwa nyuzi 25. Mwenzangu wa Gd-DOTA kwenye mashine hiyohiyo alikuwa 4.7. Nilishaanza kuandika kichwa cha ripoti. Kwenye chumba cha vipimo alikuwepo mama mmoja mtu mzima, amekaa na zile mashine miaka mingi, akaangalia namba zangu akauliza, "Mwanangu, pH yake ngapi?" Nikamwambia 5.6, mama. "Na kwa nini 5.6?" Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba ndo ilivyotoka kwenye chupa. Akachukua bafa ya fosfati ya pH 7.4, akadondosha matone machache kwenye tyubu yangu, ikapauka ikawa nyeupe kama ukungu mbele ya macho yangu. Hakusema kitu, alinirudishia tu tyubu.

Ioni huru ya gadolini imezungukwa na maji nane, r1 yake iko kwenye 13 hivi. Piga hesabu: ukiwa na karibu asilimia 20 ya metali huru na iliyobaki iko kwenye 4.7, wastani unafika 6.5 vizuri kabisa. Sikuwa nimevumbua kitu, nilikuwa nimeshindwa kusafisha. Kwa hiyo r1 ikiwa nzuri kuliko ulivyotarajia, kabla ya kumwambia mtu rudi kwenye zailenoli.

Ukikuta gadolini huru, pandisha pH mpaka 8 au 9 igeuke hidroksaidi, chuja kwenye kichujio kidogo cha sindano, au pitisha kwenye Chelex (resini inayokamata metali huru), kisha pima tena.

Hatua ya 7: kupima r1 kwa heshima

Tengeneza mimumunyo mitano au sita kati ya milimola 0.1 na 1 pamoja na maji matupu, pH 7.4, nyuzi 37. Pima T1 ya kila mmoja kwa njia ya kugeuza na kusubiri, na kati ya mapigo subiri angalau mara tano ya T1, hasa kwenye maji matupu ambayo yanachosha. Chora 1/T1 dhidi ya kiasi cha gadolini. Mstari unyooke, mteremko wake ndo r1, na pale unapokata mhimili ni kasi ya maji matupu. Ukikata sehemu ya ajabu kuna kitu hakiko sawa.

Kiasi cha gadolini usikichukue kwenye mizani! Unga wa kompleksi unavuta unyevu na mara nyingi umebeba chumvi ya mezani iliyotokana na kurekebisha pH. Ukiwa na asilimia 20 ya takataka hizo, r1 yako inashuka asilimia 20 bila kosa la molekuli. Pima kwa ICP-MS (mashine inayohesabu metali yenyewe), au kwa njia ya Evans kwenye NMR, ambayo unatia tati-butanoli na kuangalia kilele chake kimesogea kiasi gani kati ya tyubu ya ndani na ya nje. Ukiripoti r1 bila kutaja joto na nguvu ya sumaku, hiyo namba haina maana kwa msomaji yeyote. Rudia yote kwenye seramu. Ikipanda sana ujue inashika protini, hata kama hukukusudia.

Hatua ya 8: jaribu kuivunja

Hapa kuwa adui wa molekuli yako. Kipimo ninachokipenda ni cha zinki na fosfati: kompleksi milimola 2.5, zinki milimola 2.5, kwenye bafa ya fosfati pH 7, nyuzi 37, halafu fuatilia T1 kwa siku tatu. Zinki ikimtoa gadolini, fosfati inamkamata anazama kama mashapo, na kasi ya T1 inashuka. Dawa nzuri ya pete mstari wake unabaki karibu bapa siku zote tatu. Za mnyororo unaziona zinashuka siku hiyohiyo ya kwanza. Weka Gd-DOTA na Gd-DTPA pembeni kama mashahidi, bila wao hujui bafa yako inafanya kazi.

Halafu cha asidi. Tia kwenye HCl ya mola 0.1, chukua sampuli, angalia kwa kromatografia ligandi tupu inavyoongezeka. Ikivunjika ndani ya dakika, rudi hatua ya 3, usiende mbele, hata kama r1 ni tamu kiasi gani. Hii sentensi inaniuma kuiandika kwa sababu nimeshatupa molekuli mbili nilizozipenda.

Hatua ya 9: kuelekea mwilini

Kwenye wanyama unaenda na kibali cha kamati ya maadili na mtu aliyefundishwa, siyo kwa kujaribujaribu, na kwa binadamu hiyo ni safari nyingine kabisa ya miaka. Ila ukiwa bado kwenye ubunifu kuna mambo ya kufikiria mapema.

Jambo moja ni ukali wa mmumunyo, yaani wingi wa chembe zilizoyeyuka ndani yake. Damu iko kwenye miliosmoli 290 hivi kwa kilo. Magnevist, ambayo ni chumvi yenye chaji mbili hasi na ioni zake za kusindikiza, inafika 1960. ProHance, dawa ya pete isiyo na chaji, iko kwenye 630. Kwa hiyo kama mkono wako wa nne unaweza kufanya kompleksi iwe bila chaji, unapata sindano laini zaidi bure. Pia hakikisha inayeyuka kwenye nusu mola au zaidi, maana ndo kiasi kinachouzwa kwenye chupa, na kuna molekuli kibao nzuri zimefia hapo.

Kingine ni ligandi ya ziada. Watengenezaji wengine huongeza kidogo ili ikamate gadolini itakayoponyoka. Gadodiamide, ambayo ndo ile Gd-DTPA-BMA, ilihitaji asilimia 5 ya ligandi yake ikiwa imeshika kalsiamu, na ukiona dawa inahitaji walinzi wengi hivyo unajifunza kitu kuhusu kizimba chake. Hiyohiyo ilikuwa inadanganya vipimo vya rangi vya kalsiamu kwenye damu: mgonjwa anaonekana kalsiamu imeshuka vibaya, kumbe kalsiamu yake iko sawa, dawa ndo imevuruga rangi ya kipimo. Ukishafika kwenye damu halisi, jaribu na kemikali za vipimo vya kawaida vya hospitali uone kama yako haifanyi mchezo huo.

Mwisho ni kufuatilia mabaki. Kwa figo nzima nusu ya dawa ndogo inatoka kwenye damu kwa saa moja na nusu hivi, kwa hiyo baada ya siku moja mkojo unakuwa umeshabeba karibu yote na mtu anashawishika kufunga daftari. Usifunge. Pima kwa ICP-MS baada ya siku saba na tena baada ya mwezi: figo, ini, ngozi, na mfupa. Mfupa usiache, maana gadolini huru inaenda kukaa pale kalsiamu inapokaa, na kipande kidogo cha paja kilichoyeyushwa kwenye asidi ya nitriki kitakuonesha uvujaji ambao damu na mkojo vilikuficha.